Fundi wa Pool Anajibu: Mweupe haurudi nyuma, kosa ni langu?

Shikamoo fundi. Nachezea baa moja hapa Morogoro, meza ya kutumbukiza sarafu. Nikipiga mpira mweupe kwa chini ili urudi nyuma, unagoma. Unasita kidogo halafu unajivuta mbele, na mara nyingi unazama shimoni pamoja na ule nilioulenga. Nikienda Dar kwa kaka yangu, kwenye baa ya mtaani kwao, mweupe unarudi hadi unanizidi. Nimebadili ncha ya fimbo, nimebadili chaki, wapi! Wenzangu wanasema nina mkono mzito. – Mchezaji wa Msamvu

Marahaba. Hao wenzako waambie wangoje kwanza.

Wahi baa kabla watu hawajajaa. Weka namba 3 karibu na shimo, na mweupe nyuma yake kama nusu mita, mstari ulionyooka. Piga kwa chini kama kawaida yako, uangalie mweupe unaishia wapi. Kisha weka mweupe pembeni, chukua namba 5 uufanye ndio mweupe, palepale, pigo lilelile. Rudia mara kadhaa. Namba 5 ukirudi na mweupe ukiendelea kugoma, mkono wako hauna neno.

Nadhani ndivyo itakavyokuwa, na sababu yake iko tumboni mwa meza. Meza ya sarafu humeza kila mpira unaozama na kuufungia ndani, isipokuwa mweupe, ambao lazima ikurudishie mchezo uendelee. Sasa meza itaujuaje na haina macho? Inautambua kwa ukubwa, kwa uzito, au kwa chuma kilichofichwa ndani yake, kinachovutwa na sumaku. Zile za zamani zinazochuja kwa ukubwa ndizo zinazowatesa wachezaji. Mipira ya namba ya Kimarekani ina kipenyo cha milimita 57.15, lakini mweupe wa meza hizo unafika milimita 60 na kitu. Milimita tatu unaweza usizione, ila mkono utazisikia: kama malighafi ni ileile, mweupe huo unawazidi wenzake uzito kwa karibu asilimia 17.

Mipira yenye uzito sawa ikigongana uso kwa uso, unaopiga unauachia unaopigwa karibu mwendo wake wote, wenyewe unabaki umesimama. Hapo ndipo ule mzunguko wa kinyume uliouweka kwa fimbo unapata nafasi ya kuurudisha nyuma. Mweupe ukiwa mzito haubaki umesimama, unabakiwa na mwendo wa kwenda mbele, na mzunguko wako unaishia kushindana na mwendo huo.

Meza ya kwa kaka yako naikisia ni ya Kiingereza, ile ya mipira myekundu na ya njano. Kule mipira ina milimita 50.8 na mweupe 47.6, yaani mdogo na mwepesi kuliko wenzake. Mweupe wa namna hiyo hata anayejifunza anaurudisha. Kwa hiyo usije ukavimba kichwa ukiwa Dar na kujidharau ukiwa Morogoro, mchezaji ni yuleyule.

Ukienda kumlalamikia mwenye baa, usimwambie tu anunue mweupe mpya. Afungue meza kwanza, aone inavyochuja. Kama inachuja kwa ukubwa na akaweka mweupe wa milimita 57, utamezwa pamoja na mipira mingine, halafu wateja watamgeuka. Kama kuna sumaku, anunue mweupe wenye chuma ndani, wenye kipenyo sawa na mipira yake. Wakati unasubiri, usijipange mstari ulionyooka kwa mpira unaofuata. Jiachie pembe kidogo, mweupe utatoka kwa ubavuni bila kuhitaji kurudi.

Fundi, nimefungua baa Kahama na nataka seti mpya. Kuna ya bei ya chini na nyingine ya bei mara kadhaa ya hiyo, dukani zote zinang'aa. Nalipia nini? – Mwenye baa

Unalipia malighafi na usahihi. Mipira mizuri ni ya resini ya fenoli, aina ya plastiki ngumu. Inayojulikana zaidi ni Aramith, inayotengenezwa na kampuni ya Saluc huko Callenelle, Ubelgiji. Ya bei ya chini kwa kawaida ni ya poliesta. Ikiwa mipya ni mizuri machoni, lakini inachubuka upesi, inapoteza mng'ao, na mpira uliokwaruzika unakuwa msasa juu ya kitambaa. Tazama pale wanapovunjia, yaani wanapopiga pigo la kwanza la mchezo: vile vialama vyeupe ni kitambaa kilichoungua kwa msuguano. Kitambaa ni pesa yako hiyo.

Boksi lisikudanganye, maana maboksi ya kughushi yapo. Nenda na mzani wa dijitali wa jikoni. Kila mpira wa Kimarekani uwe kati ya gramu 156 na 170, na muhimu zaidi, isipishane sana. Seti yenye mmoja wa 158 na mwingine wa 169 mimi siinunui hata kama iko ndani ya kipimo. Halafu panga mitatu mitatu juu ya kioo cha kaunta, laza rula juu yake. Mwanga ukipenya chini ya rula juu ya ule wa katikati, huo ni mdogo. Muuzaji akikasirika, ondoka.

Ni kweli zamani mipira hii ilikuwa ya pembe za ndovu? – Mwanafunzi, Bagamoyo

Kweli, na pembe nyingi zilipita hapohapo kwenu kuelekea Zanzibar. Mpira ulichongwa ili ule mshipa wa katikati ya pembe upite katikati yake, la sivyo uzito ulilalia upande mmoja. Hata hivyo hewa ikibadilika pembe ilivimba au kusinyaa, mpira ukapoteza mviringo. Miaka ya 1860 kampuni ya Phelan & Collender ya Marekani ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata mbadala. John Wesley Hyatt akaja na selulodi, plastiki ya mwanzo mwanzo. Resini ya fenoli ni kazi ya Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji, mwaka 1907.

Mipira yetu inanata, watu wanacheza huku wanakula chipsi. Tuisafishe kwa petroli? – Mhudumu, Tanga

Hapana, wala si kwa Jik wala steelwire. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kitambaa kisichokwaruza, na uikaushe kabisa kabla haijarudi mezani. Fanya hivyo kila wiki, maana mafuta na vumbi la chaki vinafanya mipira ing'ang'aniane inapogusana: mchezaji anakata vizuri, yaani anaupiga mpira kwa pembe, lakini mpira unaburutwa upande ule mweupe unakoelekea, unapiga ukingo wa shimo. Mwenye chipsi mpe tishu kabla hujampa fimbo.