Binti yangu alipokaa, mtaalamu hakupiga makofi

Binti yangu, aliyezaliwa na hali ya Down (Down syndrome), alipokuwa na miezi 11 alifanya jambo lililotufurahisha nyumba nzima. Alikuwa kifudifudi mkekani. Akajiinua kwa mikono, akaitawanya miguu kulia na kushoto mpaka mapaja yakalala chini kama ya chura, akajisukuma nyuma, mara huyo, amekaa! Bibi yake akapiga vigelegele. Mimi nikarekodi kwa simu, na wiki iliyofuata nikampelekea yule dada wa mazoezi ya viungo hospitalini, nikijua leo napongezwa.

Akaitazama video mara mbili. "Hongera mama. Ila huku kukaa kwa kupasua miguu tutamwachisha."

Nilinuna waziwazi. Mtoto mwenye Down, niliyeambiwa atachelewa kila kitu, kakaa mwenyewe, halafu tumwachishe?

Akanieleza taratibu. Watoto wenye Down wana nakala tatu za kromosomu namba 21, moja ya nyuzi zinazobeba urithi mwilini, badala ya mbili, na wengi wao huzaliwa na misuli milegevu na maungio yanayofunguka kupita kiasi. Akikaa kwa kupasua miguu, tumbo na kiuno havifanyi kazi yoyote. Ulegevu wa nyonga ndio unaomkalisha. Akizoea hivyo, siku ya kusimama atasimama miguu ikiwa mbalimbali na nyayo zimegeukia nje, na atatembea hivyohivyo. Kutembea atatembea, wengi wao wanaanza wakikaribia miaka 2, wengine 3 au hata 4. Mazoezi hayapo ili kumwahisha. Yapo ili mwili usijizoeze njia ya mkato. Natamani ningeambiwa hilo mapema, maana miezi yote ile nilikuwa nahesabu tarehe na kumchungulia mtoto wa jirani.

Kabla hujaanza chochote, moyo upimwe. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo. Wetu alikuwa na tundu dogo na daktari akaturuhusu kuendelea. Mtoto anayetoka jasho jingi akinyonya, au midomo inayobadilika rangi, huyo ni wa daktari kwanza. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, nayo ipimwe. Kuna mahali tuliambiwa mtoto ni mvivu tu, kumbe tezi ilikuwa inafanya kazi chini ya kiwango. Alipoanza kidonge cha kila asubuhi, alichangamka hata sauti ikabadilika.

Vifaa vyetu vilikuwa kanga kuukuu. Akilala chali miguu ilianguka nje, basi nikaviringisha kanga mbili na kuziweka kando ya mapaja nikiwa nimekaa naye macho. Akiwa kifudifudi, nyingine ilikaa chini ya kifua. Dakika 2 au 3 tu kila baada ya kubadilisha nepi, kabla ya kunyonya, la sivyo atacheua. Alilia sana. Kilichomnyamazisha ni mimi kulala chali na kumlaza kifuani kwangu. Alikaza shingo ili anione uso.

Kumfundisha kukaa upya kulinichosha kuliko yote. Unamgeuza ubavu, unaweka kiganja juu ya nyonga iliyo juu, unaibonyeza kidogo kuelekea miguuni, halafu unasubiri asukume kwa mkono wake. Kusubiri ndiko kazi. Mkono wangu ulikuwa unawasha kumnyanyua, nikawa nahesabu kimoyomoyo hadi 10. Siku nyingine nilifika 10 mara tatu, hakuna kitu. Na usimvute kwa mikono: mabega yake yamelegea, na pingili za juu za shingo kwa baadhi yao hazijashikana vizuri. Kwa sababu hiyohiyo, michezo ya kumrusha juu tuliipiga marufuku, wajomba wakalalamika wee. Mtoto akianza kuinamisha kichwa upande mmoja, au akiacha kufanya alichokuwa anaweza, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kwa kusimama tulitumia kigoda cha jikoni. Anakaa, nyayo zote chini, magoti yakitazama mbele, na juu ya kochi naweka kifuniko cha sufuria, kitu anachokipenda kuliko midoli yote ya dukani. Ananyanyuka kukifuata. Anakigonga, anakaa, ananyanyuka tena.

Mama mkwe alitaka tumchimbie shimo mchangani, tumfukie hadi kiunoni, kama alivyofanyiwa baba yake. Nikauliza. Dada akajibu kwamba shimo ndilo linalosimama, mtoto kategemea tu. Vigari vya magurudumu vya kutembelea pia akavikataa. Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004 kwa sababu ya ajali. Bibi alinuna siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta barazani, mjukuu kasimama dede mbele yake kashika magoti yake, naye kamzungushia kanga mapajani ili miguu isitawanyike. Sikumfundisha hilo.

Sasa ana miezi 27. Juzi alitoka kwenye kochi hadi kwenye ndoo, hatua 5, nyayo zikitazama mbele, na akatumbukiza mikono yote miwili kwenye maji ya kufulia.