Nikeli kushika kidogo kwenye chuma bila kupasha joto
Ndugu yangu wa Mikindani, umeuliza kwa nini, unapopaka chuma nikeli kwa umeme, nikeli inashika kidogo tu huku mapovu yakijaa kwenye chuma, ilhali mchanganyiko wako wa maji na chumvi ya nikeli haupashwi joto. Mapovu hayo ni haidrojeni, inayokula umeme ambao ungeweka nikeli. Punguza mkondo wa umeme, koroga mfululizo ili ayoni za nikeli (chembe zake zenye chaji ya umeme) ziufikie uso wa chuma kwa wakati, kisha ongeza asidi ya boriki, takriban gramu 30 kwa lita, inayozuia pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) isipande karibu na chuma. pH ya mchanganyiko ibaki kati ya 3.5 na 4.5. Maji ya kisima cha pwani usiyatumie kabisa, tumia yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha kupozwa. Pima chuma kwa mizani kabla na baada ili ujue umeme kiasi gani unapotea: ampea 1 kwa saa 1 ingeweka takriban gramu 1.1 za nikeli iwapo umeme wote ungeishia kwenye nikeli.