Diski Ikianza Kufa, Nakili Kwanza

Katika kazi yangu ya ufundi wa kompyuta hapa Mwanza, mashine nyingi ninazoletewa hutoka kwenye maduka ya steshenari na ofisi ndogo za wafanyabiashara wa dagaa na samaki wa Mwaloni, Kirumba. Mwenyewe hulalamika kwamba mashine imekuwa nzito, kumbe diski inakufa, na hesabu zake zote za wadeni na za mizigo zimo humo humo bila nakala nyingine.

Kwenye mfumo endeshi wa Linux dalili hazijifichi. Amri ya dmesg huonyesha mistari ya "I/O error" inayojirudia, na smartctl -a /dev/sda hutoa kumbukumbu ambazo diski yenyewe imejiwekea. Tazama namba 5, inayohesabu sekta mbovu (vipande vidogo vya diski vya kuhifadhia data) zilizokwisha kubadilishwa kwa sekta za akiba, na namba 197, inayohesabu sekta zilizogoma kusomeka ambazo bado hazijabadilishwa. Hii ya pili ikiwa inapanda, simamisha kazi zote kwenye mashine hiyo. Neno PASSED, yaani hukumu ya jumla ya smartctl kwamba diski ni nzima, lisikutulize, kwa maana diski inaweza kupoteza faili huku neno hilo likiendelea kuonekana.

Hapa ndipo wengi hukimbilia programu ya fsck, na hapa ndipo data hupotea. Programu hiyo huandika kwenye diski ili kurekebisha mfumo wa faili, na ikirekebisha mahali ambapo diski haisomeki sawasawa, inaweza kufuta majina ya folda ambazo zilikuwa bado nzima. Diski mgonjwa isiandikwe chochote. Zima mashine, iwashe kwa flashi yenye Linux bila kufungua partisheni (sehemu iliyogawanywa) yoyote ya diski hiyo, kisha nakili kila kitu kwa programu ya ddrescue kwenda kwenye diski mpya isiyopungua ukubwa wa ile ya zamani (hapa sda ni ya zamani na sdb ni mpya):

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /media/flashi/ramani.log
ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb /media/flashi/ramani.log

Amri ya kwanza huchukua yale yanayosomeka kwa urahisi na kuyaruka maeneo sugu. Ya pili huyarudia maeneo hayo mara tatu. Kabla ya kubonyeza Enter, linganisha namba za diski kwa lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL na zile zilizobandikwa kwenye diski zenyewe, kwa sababu ukizigeuza sda na sdb utakuwa umefuta hicho ulichotaka kukiokoa.

Faili la ramani, yaani ramani.log, ninalisisitiza kuliko yote. Ndilo linaloandika ni wapi pamesomwa na wapi bado, hivyo umeme ukikatika usiku wa manane utarudia amri ile ile na kazi itaendelea pale ilipoishia. Lakini liweke kwenye flashi ya pili, kwani mfumo uliowashwa kutoka kwenye flashi kwa kawaida huweka faili zake kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), na RAM husahau kila kitu umeme ukiondoka.

Kama diski inagonga kwa mlio wa kurudia-rudia, izime mara moja. Hiyo inahitaji maabara ya kuokolea data. Wala usimsikilize anayekushauri kuiweka kwenye friza, maana kwa unyevu wa hewa yetu ya ziwani itatoka imelowa umande.

Nakala ikikamilika, chomoa diski ya zamani, kwa kuwa sasa zote mbili zina UUID (namba za utambulisho za partisheni) zile zile na mfumo unaweza kuzichanganya. Sasa ndipo fsck inaporuhusiwa, kwenye nakala tu. Diski mpya ikiwa kubwa zaidi na inatumia GPT (aina ya jedwali la partisheni), sgdisk -e huhamishia nakala ya akiba ya jedwali hilo mwishoni mwa diski, kisha utaipanua partisheni na kumalizia kwa resize2fs ikiwa mfumo wake wa faili ni ext4.

Mwite mwenyewe afungue faili zake moja moja, kwa sababu sehemu zisizosomeka huacha faili lenye jina na ukubwa kamili lakini ndani lina mapengo. Mpaka atakapofungua daftari la wadeni hadi ukurasa wa mwisho, diski ya zamani isiondoke dukani.