Zawadi ya muuzaji: je, desturi huifanya rushwa kuwa halali?

Swali: Assalaamu alaykum sheikh. Nafanya kazi ya manunuzi katika kampuni inayoshughulika na watu wa mataifa mengi. Kwenye mafunzo ya maadili ya biashara, mwalimu alituambia kuwa maadili hutokana na mila, na kwamba kinachoitwa rushwa kwa watu hawa ni heshima kwa watu wale. Siku chache baadaye mmoja wa wauzaji wanaoshindania zabuni aliniletea saa ya mkono ndani ya kisanduku, na karatasi ya bei zake imewekwa juu. Akasema kwao kukataa zawadi ni kumvunjia mtu heshima. Je, niipokee? Na inafaa Muislamu kujifunza maadili ya kazi kwa wasiokuwa Waislamu?

Jibu: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu yangu, mwalimu wako ameanza na neno la kweli, kisha akalivusha mpaka. Desturi ina nafasi kubwa katika sheria yetu. Mafakihi wana kanuni isemayo *al-aada muhakkama*, desturi ni hakimu, nayo ni moja ya kanuni tano kuu za fiqhi. Kuna watu hawataji bei mpaka wajuliane hali kwa kirefu, na kuna wanaoanza na hesabu. Kuna ambao kupatana bei ndiyo biashara yenyewe, na ambao kwao kuomba kupunguziwa ni aibu. Katika haya fuata desturi ya uliyemwendea, wala usimwone mtu mpungufu kwa sababu hafanyi kama wewe.

Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuwakataza. Aliwaambia anayelipa kabla alipe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Desturi ikabaki. Kilichoondolewa ni kule kutojulikana, maana hapo ndipo mtu hudhulumiwa.

Basi desturi huamua namna ya kufanya biashara. Haina mamlaka juu ya haki ya mtu ambaye hayupo mezani. Hoja ya kwamba "sisi kwetu ndivyo tulivyo" ni ya zamani sana: watu wa Madyan, waliozoea kupunja vipimo, walimuuliza Nabii Shuaybu kama sala zake ndizo zinazomwamrisha waache waliyoyaabudu baba zao, au wasifanye watakavyo katika mali zao (Hud 11:87). Upunjaji ulikuwa ada ya mji mzima, na haukuwa halali hata siku moja.

Sasa tuje kwenye saa yako. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akasema: hii ni yenu, na hii nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama angeletewa zawadi. Jiulize hivyo hivyo: ungekuwa huna kauli kwenye zabuni ile, kisanduku kingefika mikononi mwako? Usipime kwa thamani ya saa. Pima kwa kiti ulichokalia, kisha mkumbuke mwajiri aliyekuamini na fedha zake, na wauzaji wengine walioleta bei zao mikono mitupu.

Wala usikubali haraka kwamba hiyo ndiyo mila yao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya rushwa wa 2003 umeridhiwa na karibu nchi zote duniani, zenye mila za kila aina. Zinatofautiana pembezoni: sheria ya Marekani ya 1977 inasamehe malipo madogo ya kuharakisha huduma ya kawaida ya serikali za nje, ya Uingereza ya 2010 haisamehi. Lakini rushwa yenyewe hakuna anayesimama hadharani kuitetea.

Kujifunza kwa wasiokuwa Waislamu inafaa, madhali jambo lenyewe ni la haki. Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Zabid alidhulumiwa bei ya bidhaa yake Makka, na watu wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakaapa kumsimamia mwenye kudhulumiwa. Mtume alikuwepo, na baadaye akasema angeitwa kwenye kiapo kama kile katika Uislamu, angeitikia.

Ninachosikitikia ni maadili kufundishwa mbali na bidhaa. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa. Akamuuliza: kwa nini usiiweke juu watu waione? Hilo ni somo zima, na limefundishwa penye rundo. Nawe, ukipewa nafasi ya kuwafundisha wafanyakazi wapya, wafungulie zabuni halisi muisome pamoja.

Saa irudishe kwa upole, kwa maneno mazuri na mikono miwili. Mwambie heshima yake umeipokea, lakini kazi yako haikuruhusu kuchukua kitu. Akikataa katakata kuichukua, ipeleke kwa mwajiri siku hiyo hiyo, iandikwe, na umuombe mtu mwingine aipitie karatasi ile ya bei.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.