Boya Litiwe Wapi? Maswali Yenu ya Bahari

Mimi mvuvi wa Kunduchi. Nasikia wataalamu huchagua kwa kompyuta pa kutia boya la kupima bahari. Si wangetuuliza sisi?

Shikamoo, mzee wangu. Kukuuliza ni lazima, nitalirudia chini. Ila wao wanatafuta jambo jingine: kifaa kikikaa hapa, kitazisemea sehemu ngapi nyingine? Chukua kujaa na kupwa. Siku za bamvua maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakijaa Kunduchi, Kigamboni nako yamejaa. Kipimo kimoja bandarini kinawatosha wote. Sasa nenda mdomoni mwa Msimbazi, pale Salenda, masika yamekolea. Maji yale ya tope yana chumvi yake na mambo yake; ukipima kule kisiwani Mbudya hutajua lolote.

Modeli ya bahari, yaani programu ya kompyuta inayoiga bahari, huyagawa maji vyumba vyumba, ikapiga hesabu ya mkondo, joto na chumvi ya kila chumba. Mtaalamu huangalia vyumba gani hubadilika pamoja na vipi vina tabia yake. Penye tabia yake na hapana kifaa, hapo ndipo pa boya, hata kama mawimbi yake si makali. Ila vyumba viwe vidogo. Modeli nyingi za dunia nzima zina vyumba vya kilomita 8 au 9, na Mbudya humezwa humo yote.

Kama kompyuta inaijua bahari, boya la nini? (Mwanafunzi, Mlimani)

Haiijui, inaikisia. Ndiyo maana kuna jaribio hili: modeli moja hufanywa ndiyo bahari yenyewe. Huchotwa humo namba chache kana kwamba zimetoka kwenye maboya, zikatiwa makosa kidogo kama ya vifaa halisi, kisha modeli ya pili ikalishwa. Ikiikaribia ya kwanza, mpangilio unafaa. Usipofaa, unahamisha maboya na kurudia bila kununua hata lita ya dizeli. Lakini modeli hizo zikiwa ndugu wa tumbo moja zitasifiana tu. Ni mtihani uliotungwa na mtahiniwa. Mimi matokeo ya hivyo siyaamini.

Hesabu ya mwezi mmoja yatosha?

Haitoshi. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, ila wakati wa kusi hukimbia na kaskazi ikivuma hulegea. Endesha modeli misimu yote, tena miaka kadhaa.

Boya likikatwa na nyavu je? (Feri)

Hapo ndipo mzee wa Kunduchi anarudi. Modeli haijui wapi hutegwa majarife, meli za bandarini hupita wapi, wala nani ataitamani ile betri usiku. Sehemu hizo zichorwe kwanza kwenye ramani pamoja na wavuvi, ziondolewe kwenye orodha ya pa kutia boya, kisha modeli iulizwe maeneo yaliyobaki.