Umeme Ukikatika, eMMC Inabaki na Nini?

Swali: Fundi, BeagleBone Black yangu (kompyuta ndogo ya bodi moja) inarekodi joto la jokofu kila dakika kwenye eMMC, ile chipu ya hifadhi iliyo kwenye bodi. Umeme ulikatika, na faili zilizoharibika ni za wiki iliyopita, si za siku ile. Inawezekanaje?

Jibu: Inawezekana sana, hasa kwenye chipu za MLC. Humo seli moja hubeba biti mbili za kurasa mbili tofauti (ukurasa ni kipande cha data kinachoandikwa kwa pamoja). Ukurasa mmoja uliandikwa juzi, mwenzake ndio unaandikwa sasa hivi. Umeme ukikatika hapo, ule wa juzi nao unachafuka. Ext4 (mfumo wa faili wa Linux) haina la kufanya, maana jarida lake, yaani kumbukumbu ya uandishi unaoendelea, linalinda yaliyo safarini, siyo yaliyokwisha kufika.

Swali: Nasikia kuna mpangilio wa kuzuia hilo. Nauwasha vipi?

Jibu: Tazama kwanza, huenda ulishawashwa kiwandani. Sakinisha mmc-utils (zana za kusoma na kupanga eMMC), kisha:

mmc extcsd read /dev/mmcblk1 | grep WR_REL

WR_REL_SET (hali ya mpangilio huo) ikisoma 0x1f, umemaliza, kanywe chai. Ikisoma 0x00, angalia WR_REL_PARAM: namba shufwa kama 0x04 maana yake chipu haikubali kubadilishwa, witiri kama 0x05, endelea:

mmc write_reliability set -n 0 /dev/mmcblk1

Hiyo -n ni majaribio tu, na 0 ni eneo kuu la data. Ukiridhika weka -y badala ya -n, kisha chomoa umeme kabisa. Kuwasha upya kwa reboot hakutoshi.

Swali: Nikijuta je?

Jibu: Imekula kwako, hairudi. Tena -y hufunga ugawaji wote wa chipu. Kama unataka pia eneo la pSLC (enh_area), ambako seli hubeba biti moja tu, lipange kwanza kwa -c (huhifadhi bila kufunga), na -y ije mwisho. Fanya hayo kabla ya kusakinisha mfumo, kwa sababu pSLC hufuta data. Mimi nilikimbilia -y, na chipu ile ikabaki bila pSLC mpaka leo.

Swali: Kwenye kadi ya SD?

Jibu: Haifanyi kazi. Ukiona mmcblk1boot0 ndani ya /dev, hiyo ndiyo eMMC.

Swali: Basi niachane na fsync, ile amri ya kulazimisha data iandikwe papo hapo?

Jibu: Thubutu! Mpangilio huu unalinda data ya zamani. Kipimo kipya kinaweza kukaa kwenye RAM sekunde 30 hivi kabla Linux haijakiandika, na umeme ukikatika kinapotea. Kwa kipimo kimoja kila dakika, fsync haikugharimu kitu.