Zege la chapa kwenye mteremko wa Riat?

Dada, umeuliza kama zege la chapa, lile la kuiga mawe, litafaa njia ya gari kwenye mteremko wako wa Riat. Mimi singeliweka hapo. Linapendeza, ila likishapakwa sila (dawa ya kuziba uso wa zege) ya kung'aa na mvua ya jioni ya Kisumu ikilipiga, linateleza kama sabuni. Hiyo chapa peleka barazani nyuma mnapoketi.

Njiani mwambie fundi aache kokoto wazi. Zege likianza kushika, kidole kikibonyeza kiache alama ndogo tu, asugue kwa brashi na maji kidogo hadi vichwa vya kokoto vitokeze. Akiwahi, kokoto zinang'oka; akichelewa, brashi haifanyi kitu.

Rangi isikusumbue, ogopa nyufa. Unene inchi 4, mkato wa kuongoza ufa, kina cha inchi 1, kila mita 3 hivi, ukatwe ndani ya siku moja. Kisha mwagilia maji siku 7, hata fundi akinuna. Langu lilimwagiliwa siku 2, sasa lina ufa kutoka geti hadi mlangoni.

Wa udongo mweusi kule Nyamasaria, ule unaovimba ukilowa, nyinyi chimbeni kwanza mjaze moramu (udongo wa changarawe) na kuishindilia.